Maswali ya Wasomaji: Magome ya Mlama Yalipofika Maabara

SWALI: Ndugu Mhariri, mama mkwe wangu hapa Sikonge, mkoani Tabora, amekuwa akichemsha magome ya mlama na kuoshea watu vidonda tangu kabla sijaolewa. Mwaka jana mtoto wa shemeji yangu, ambaye yuko chuoni, aliyachukua magome hayo akayaloweka kwenye spiriti na kuyapima. Alipokuja likizo alituambia kuwa yana antioksidanti nyingi sana, yaani vitu vinavyotuliza kemikali haribifu, lakini kwa upande wa bakteria yalitoa duara la milimita 13 tu, ilhali antibiotiki ilitoa milimita 24. Tangu siku hiyo mama amenyamaza, na majirani wameanza kusema kuwa dawa yake ni nusu dawa. Je, ni kweli? Na kwa nini kijana atumie spiriti wakati mama hutumia maji?
Msomaji, Sikonge

JIBU: Hapana, dada, si kweli, na tunaomba umsomee mama jibu hili lote.

Kipimo alichofanya kijana huendeshwa hivi: bakteria hupakwa juu ya agari, ambayo ni kitu kama uji mzito ulioganda kwenye kisahani, kisha hutobolewa kishimo kidogo au huwekwa kikaratasi kilicholoweshwa dawa, na kisahani hukaa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Pale dawa ilipofika na kuwazuia bakteria kukua, hubaki duara tupu lisilo na bakteria, ambalo hupimwa kwa rula. Hivyo basi duara hilo hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani nguvu ya dawa na wepesi wake wa kusafiri ndani ya agari, nalo haliwezi kukuambia lipi ni lipi. Magome ya mlama yana tanini nyingi, ambazo ndizo huleta ule ukakasi unaousikia ukitafuna gome au ukila zambarau. Watafiti wamekwisha kutenga kutoka kwenye magome hayo tanini iitwayo punikalajini, ambayo hupatikana pia kwenye maganda ya komamanga, nayo ni molekuli kubwa inayotambaa polepole kwenye agari. Dawa ya namna hiyo inaweza kutoa duara dogo hata kama inaua vizuri pale inapofika. Zaidi ya hayo, antibiotiki iliyo kwenye kikaratasi ni dawa moja iliyosafishwa (kwa mfano, kikaratasi cha antibiotiki iitwayo gentamaisini huwa na mikrogramu 10), wakati maji ya magome ni mchanganyiko wa vitu vingi ambavyo huenda ni kimoja au viwili tu kati yake vinavyofanya kazi. Kazi ya antibiotiki katika jaribio hili ni kuthibitisha kwamba kipimo kimekwenda sawa. Kulinganisha milimita 13 na 24 kana kwamba ni alama za mtihani mmoja ni kosa, na linatuuma kwa sababu limemnyamazisha mtu mwenye ujuzi.

Mwambieni kijana afanye kipimo kingine, cha kuipunguza dawa nusu kwa nusu kwenye vishimo vingi vidogo, ili aone ni kiasi gani kidogo kabisa kinachotosha kuwazuia bakteria wasikue. Watafiti wengi huona kwamba dawa ghafi ya mmea inayozuia kwa chini ya mikrogramu 100 kwa kila mililita inastahili kufuatiliwa zaidi. Aseme pia alitumia bakteria gani, maana Staphylococcus aureus, anayepatikana sana kwenye vidonda na majipu, hana ule utando wa nje walio nao bakteria kama Escherichia coli, unaozuia dawa nyingi za mimea kupenya.

Kuhusu spiriti, swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Alkoholi hutoa kwenye gome baadhi ya vitu ambavyo maji hayavitoi, na watafiti huipenda kwa sababu hukauka haraka na haiozi. Lakini ukibadilisha namna ya kutengeneza dawa, unapima dawa nyingine. Mwaka 1971 mwanasayansi Tu Youyou wa China alikuwa akihangaika na mmea wa artemisia, ambao matokeo yake dhidi ya malaria yalikuwa hayatabiriki, mpaka aliporudi kwenye kitabu cha kale cha tabibu Ge Hong na kuona kuwa mmea ule ulilowekwa kwenye maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Alipotumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, dawa haikuharibiwa na joto. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa dawa ya malaria iitwayo artemisinini, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo kijana akae na mama mkwe wako na kuandika kila kitu: gome kiasi gani, maji kiasi gani, linachemka kwa muda gani, na linatumika siku hiyohiyo au hulazwa. Kisha apime dawa ile ile ya mama sambamba na ile ya alkoholi. Aongeze kipimo cha kuona kama dawa ni sumu kwa chembe hai za mwili, kwa kuwa kitu kinachoua bakteria kinaweza kuua nyama changa ya kidonda pia. Tanini vilevile hukaza na kukausha uso wa kidonda, jambo ambalo mama huenda ameliona kwa macho yake miaka mingi, na ambalo kisahani cha agari hakiwezi kulionyesha.

Pamoja na hayo, kidonda kirefu, kinachonuka, au cha mgonjwa wa kisukari kipelekwe kituo cha afya, na magome si mbadala wa chanjo ya pepopunda.

SWALI: Nimeuziwa unga wa mti hapa Tabora mjini kwa maelezo kuwa maabara imethibitisha una antioksidanti nyingi, hivyo unatibu kisukari. Niamini?

JIBU: Usiamini hiyo «hivyo». Kipimo cha kawaida cha antioksidanti hutumia kemikali ya rangi ya zambarau iitwayo DPPH, ambayo hugeuka ya njano inapokutana na kitu cha kuituliza. Majani ya chai huigeuza pia. Ni tukio la ndani ya chupa. Punikalajini, kwa mfano, hung'ara sana katika kipimo hiki, lakini ukiimeza sehemu kubwa huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo kuwa vitu vingine kabla ya kuingia kwenye damu. Endelea na dawa zako za kisukari, na umuulize muuzaji usajili wake kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002.

SWALI: Milama ya jirani na kijiji chetu imechunwa hadi kukauka. Majani hayawezi kutumika?

JIBU: Yanaweza kupimwa, na watafiti wangepaswa kuyapima kila wanapopima magome, ingawa majani na gome havina viambato vilevile, na matokeo ya kimoja hayahamishiwi kwa kingine. Wakati majibu yanasubiriwa, gome lichunwe ubavu mmoja tu, kipande chembamba cha wima. Mti uliochunwa kuzunguka shina lote mara nyingi hauponi.