Ukipangiwa fildi kwenye makazi ya wazee, anza na njia ya chooni

Wanafunzi wengi wa ustawi wa jamii na uuguzi hufika kwenye makazi ya wazee wakiwa na mradi tayari kichwani: kufuga kuku, kulima bustani ya mboga, kuchangisha mablanketi. Nawaelewa, chuo kinataka ripoti yenye kitu cha kuonyesha. Lakini tangu nilipokuwa mwanafunzi mpaka leo ninaposimamia wanafunzi, sijaona njia inayozidi hii: mfuate mzee mmoja, kwa ridhaa yake, kutwa nzima, uone anakwama wapi.

Nilikofanyia mafunzo kwa vitendo, wazee walikuwa wakianguka usiku. Kila niliyemuuliza alisema ni uzee tu. Nikaomba kukaa na wahudumu wa zamu ya usiku, na hapo mambo yakaonekana. Dawa zote ziligawiwa baada ya chakula cha jioni, na miongoni mwake vilikuwamo vidonge vya presha vinavyokojosha. Mzee anakunywa saa moja jioni, usiku kucha anaamka kwenda haja. Taa ya varanda imeungua, sakafu ya choo imelowa, ndala zimelika soli. Akiinuka ghafla kitandani, presha inashuka na kizunguzungu kinamkamata.

Nilimpelekea muuguzi niliyoyaona, naye akazungumza na daktari. Vidonge vile vikahamishiwa asubuhi. (Mwanafunzi usithubutu kubadili dawa mwenyewe, hata ukiwa na uhakika kiasi gani.) Taa ikawekwa mpya, fundi akafunga bomba la kushikia ukutani. Wazee wakafundishwa kukaa kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Kuanguka kukapungua, na hatukuandika andiko la kuomba fedha.

Wasindikize pia hospitali. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wasiojiweza wanastahili matibabu bila malipo. Panga naye foleni uone stahili hiyo inaishia wapi: dirishani, maabara, au pale anapoambiwa dawa akanunue nje. Andika hivyo hivyo kwenye ripoti. Hayo yana faida kwa halmashauri kuliko kurasa kumi za nadharia.

Mzee anayeitwa mkaidi, chunguza kwanza masikio yake. Keti mbele yake aone midomo yako, sema taratibu, usipige kelele. Akiwa hasikii vizuri, mwombe muuguzi amwangalie. Mara nyingine ni nta tu imeziba.

Shikamoo hutoi mara moja ukamaliza. Omba ruhusa kabla ya kumgusa, kumvua nguo au kuketi kitandani kwake. Picha zake usiziweke statasi. Na siku yako ya kuondoka watajie mapema, maana wengi wao wameshaachwa na jamaa bila kuagwa.

Kabla hujaondoka, mwachie mhudumu daftari la kuandikia kila mzee anapoanguka, si mkuu wa kituo peke yake. Safu nne zinatosha: nani, saa ngapi, wapi, alikuwa anaelekea wapi. Lijazeni pamoja kwa wiki kadhaa ukiwa bado upo, mpaka mhudumu wa usiku alijaze bila wewe kumkumbusha.