Mikoba ya Kocha

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Zaituni,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikamwita baba yako naye asikie. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunikatiza, na usiponikatiza wewe mtandao unanikatiza. Unasema kocha wenu anastaafu baada ya miaka 29, na wakuu wa chuo wamekuita wewe, msaidizi wake wa miaka tisa, kukuuliza kama uko tayari kurithi mikoba. Halafu rafiki yako akakutia shaka. Eti usikubali kumfuata gwiji, mwache mwingine amfuate, ashindwe, ndipo wewe uje kumpokea huyo aliyeshindwa. Unauliza mama anasemaje.

Mama anasema huyo rafiki yako ana roho ngumu. Kumwombea mtu aanguke ili upate pa kukaa! Na hesabu yake haitoki. Ushahidi uko Knoxville kule Marekani, mji uliokulia wewe mwenyewe.

Tulipofika kule ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwezi wa kwanza ulinililia fulana ya rangi ya machungwa, kwa sababu mji mzima ulivaa machungwa na wewe ulijiona uchi. Nilikununulia ya mtumba, ikawa inakufika magotini. Hivyo ndivyo tulivyomjua Pat Summitt, kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa chuo cha pale, ambayo rangi yake ni hayo machungwa. Hata wachezaji wake walimwita Pat tu, bila kocha wala mama, jambo nililoliona utovu wa adabu mpaka nilipozoea.

Watu husahau kwamba hata Pat alirithi. Mwaka 1974 alikuwa binti wa miaka 22 kutoka shambani, aliyekwenda Chuo Kikuu cha Tennessee kusoma shahada ya pili huku akiwa kocha msaidizi. Kabla hata hajaanza, kocha mkuu akaondoka, kiti akakalishwa yeye. Mshahara dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe, gari la timu aliliendesha mwenyewe, na pesa ya kununulia hizo jezi ilipatikana kwa kuuza donati. Mechi yake ya kwanza alifungwa na chuo cha Mercer, pointi 84 kwa 83. Sasa niambie, nani alinung'unika kwamba tangu fulani aondoke timu imeharibika? Hayupo, kwa sababu huyo fulani hakuna aliyemjua. Timu za wasichana wakati ule hazikuwa na mtazamaji wala gazeti. Pat alipata bahati ya kukosea gizani. Ubingwa wake wa kwanza wa taifa aliupata 1987, miaka 13 baadaye. Iandike mahali hiyo 13, nitairudia.

Mpaka anaondoka alikuwa na ushindi wa mechi 1,098 na ubingwa mara 8. Agosti 2011 akatangaza kwamba ana ugonjwa wa kusahau, ule wa Alzheimer, na alikuwa na miaka 59 tu. Ugonjwa huo mimi nilikuwa nauogesha, nauvisha na kuulisha uji kila zamu ya usiku pale nyumba ya wazee, kwa hiyo niliposikia niliketi chini. Msimu uliofuata alikaa benchi kama kawaida, lakini mzigo mkubwa aliubeba msaidizi wake, Holly Warlick, aliyekuwa amechezea timu hiyo hiyo chini yake na kuwa msaidizi tangu 1985. Aprili 2012 Pat akastaafu, na mbele ya waandishi wa habari akamkabidhi Holly filimbi yake.

Nilitazama katika televisheni ya ukumbini na wenzangu wa kazini. Fundi wa mabomba alivua kofia yake ya machungwa akajipangusia macho. Mimi nililia pia, sikatai. Lakini nilimtazama Holly na ile filimbi, nikawaza, huyu mama amepewa kitu ambacho hawezi kukibadilisha hata kidogo. Kitu ulichokabidhiwa kwa machozi ya watu wote, utakigusaje? Na wakuu wa chuo je, hata kama moyoni walimtaka mtu mwingine, nani angethubutu kumtaja siku ile? Watu wanasema walimchagua Holly. Mimi nasema hakuna aliyechagua pale. Ulikuwa msiba wa mtu aliye hai, na kwenye msiba watu hawajadiliani, wanashika kilicho karibu.

Msimu wa kwanza wa Holly ulianza kwa kufungwa na chuo cha Chattanooga. Kesho yake kazini nilisikia kila aina ya uchambuzi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka Mercer. Wachezaji watano walioanza msimu uliotangulia walikuwa wamemaliza chuo wote. Hata hivyo alitwaa ubingwa wa kanda yao akafika nane bora ya taifa. Miaka saba alishinda mechi 172, akafungwa 67. Angekuwa chuo kingine wangempa jina la barabara. Machi 2019, baada ya msimu wa kushinda 19 na kufungwa 13, wakamwondoa. Pat alipewa miaka 13 mpaka kikombe cha kwanza, Holly saba. Na wala simwonei huruma kupita kiasi, maana miaka ya mwisho timu ilikuwa inacheza kama watu waliogombana ndani ya gari. Lakini hesabu ni hesabu.

Sasa ndipo maneno ya rafiki yako yanapovunjika. Aliyekuja baada ya Holly ni Kellie Harper. Huyo ndiye yule wa kuja baada ya aliyeshindwa, si ndivyo? Naye ni mtoto wa nyumbani, alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo akiwa mchezaji wa Pat, 1996, 1997 na 1998, akaenda kufundisha kwingine miaka mingi, akarudi amekomaa. Alifika kumi na sita bora mara mbili. Aprili 2024 naye wakamwambia kwaheri. Kivuli hakikupungua kwa sababu kimeshamlalia mtu mmoja. Safari ya tatu ndipo walipomleta mgeni kabisa, Kim Caldwell, wa miaka 35, ambaye hakuwahi kuwa na uhusiano wowote na Tennessee. Alikuja akiwabana wapinzani uwanja mzima dakika zote na kubadilisha wachezaji kama konda anavyopanga abiria. Januari 2025 akajifungua, wiki moja baadaye yuko benchi (arobaini gani hiyo, mimi sijui), na Februari wakawafunga chuo cha Connecticut, mahasimu ambao hawakuwa wamewafunga tangu 2007. Mbele itakuwaje, Mungu ndiye ajuaye. Nimemtaja kwa sababu moja tu, kwamba mwaka ule watu walibishana kuhusu mchezo wa Kim. Miaka yote kabla ya hapo walibishana kama ni mchezo wa Pat au si wake.

Usije ukanielewa kwamba nakuambia mtoto wa nyumbani hafai. Chuo cha Notre Dame walimpa kiti Niele Ivey mwaka 2020, alipostaafu Muffet McGraw mwenye vikombe viwili, na Ivey ni mchezaji wake na msaidizi wake wa miaka mingi. Ametulia vizuri. Tofauti ninayoiona ni kwamba kabla ya hapo alitoka, akaenda mwaka mmoja kwenye timu ya wanaume ya kulipwa Memphis. Na chuo cha Stanford wakampa Kate Paye 2024, msaidizi wa miaka 17 wa Tara VanDerveer, gwiji aliyestaafu mwaka huo, na mwaka wake wa kwanza wakakosa mashindano ya taifa ambayo hawakuyakosa miaka 36. Ungetaka kutoa kanuni hapo, utaitoa wapi?

Mimi sina kanuni. Nina shangazi. Unajua kwamba sufuria zangu za shughuli ni zake. Alipofariki, wateja wake wote wakaja kwangu, nami nikapika pilau lake, bizari zake zile zile, kuni za mwembe zile zile. Miaka miwili kila harusi kuna bibi mmoja atakayeonja, atafumba macho, aseme "tamu, ila mkono wa marehemu ulikuwa mkono." Siku moja mama mmoja wa Ngamiani akaniomba biriani, kitu ambacho shangazi hakukipika maisha yake yote, alisema ni chakula cha kujionyesha. Nikapika. Vitunguu nilivikaanga mwenyewe mpaka macho yakavimba. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza wageni kuuliza jikoni, "mpishi nani?" Pilau lake nalipika mpaka leo. Lakini wananiita kwa jina langu.

Kwa hiyo swali langu kwako, mama, kabla hujawajibu: biriani yako ni ipi? Miaka tisa umekaa pembeni ya yule mama. Lazima kuna jambo uliloliona ukajisemea, ningekuwa mimi nisingefanya hivi. Kama lipo, na unaweza kuwaambia wakuu mezani bila sauti kutetemeka, chukua kazi. Kama halipo, na unachokitaka ni kulinda alichokijenga, basi kataa, ubaki msaidizi wa huyo atakayekuja au utafute timu nyingine uhangaike nayo kwanza.

Ukichukua, waulize msimu wako wa tatu ukifika, kitu gani kitawafanya waseme wamefurahi. Wakianza kukuhadithia habari za Kocha, wamekujibu. Mkataba usaini wa miaka, si wa kuangaliana. Wasaidizi uwachague wewe, hata kama kuna mzee wa siku nyingi atanuna.

Na Kocha mwenyewe. Pat alibaki na cheo cha heshima, akija mazoezini na kukaa jukwaani, na kwa ugonjwa ule ilikuwa haki yake mpaka alipofariki Juni 2016. Wenu ni mzima, anacheza gofu, na unaniambia nyumba yake inatazama uwanja. Huyo ni mgumu zaidi. Nenda kwake wewe, usipitishe kwa wakuu, upeleke na chakula, umwombe msimu mmoja asionekane mazoezini. Akikupenda ataumia, halafu ataelewa. Wakitaka sherehe ya kukabidhiana filimbi, mwambie akupe picha au kiti, chochote. Filimbi kanunue dukani.

Baba yako anasema ukubali tu, mshahara ni mshahara. Nimemwacha na maoni yake.

Nipigie ukishaonana na Kocha, ila Ijumaa mchana usijaribu, nina shughuli ya watu mia mbili Chumbageni na yule binti wa kunisaidia kukuna nazi ameolewa.

Mama yako