Bima imekata saa za vipimo vya mtoto

SWALI: Mwanangu ana miaka 9. Mwanasaikolojia aliomba saa 8 za vipimo kwa shida ya umakini na wasiwasi, lakini bima ya kazini kwa baba yake imekubali saa 4 tu. Nilipe zilizobaki mfukoni? – Mama Nasra, Columbus, Ohio

JIBU: Usilipe bado, Mama Nasra. Kukubaliwa nusu ni kukataliwa nusu, na hilo mnaweza kulikatia rufaa.

Kwanza mwombe mwanasaikolojia mkague uniti alizoandika, yaani vipande vya muda anavyoiomba bima chini ya namba ya kila huduma. Tangu Januari 2019, kufanya vipimo na kusahihisha huhesabiwa kwa nusu saa: 96136 ni nusu saa ya kwanza, 96137 kila inayofuata. Kuchambua, kuandika ripoti na kuwaeleza wazazi huhesabiwa kwa saa: 96130, kisha 96131. Kwa mfano, saa 8 zikiwa 5 za vipimo na 3 za uchambuzi, ni uniti 1 ya 96136, 9 za 96137, 1 ya 96130 na 2 za 96131. Aliyeandika uniti 4 za 96137 akidhani ni saa 4, ameomba saa 2.

Halafu angalieni sababu. Ombi likisema "anafeli hesabu", bima italiona ni la elimu, na sera nyingi hazilipii vipimo vya elimu. Liseme dalili, tiba zilizokwisha kujaribiwa, na uamuzi unaosubiri majibu: aanzishiwe dawa ya ADHD (tatizo la umakini), au ni wasiwasi unaomvuruga? Lieleze pia kwa nini mahojiano na dodoso havitoshi.

Mwanasaikolojia aombe kuongea kwa simu na mkaguzi wa bima. Ikishindikana, kateni rufaa ndani ya siku 180. Kwa huduma ambayo haijafanyika, jibu litoke ndani ya siku 30. Dai kwa maandishi vigezo walivyotumia, maana sheria ya Marekani ya usawa ya 2008 hairuhusu masharti ya afya ya akili yawe makali kuliko ya magonjwa mengine. Wakikataa tena, mna angalau miezi 4 kuomba mkaguzi wa nje, asiye wa bima hiyo.

Vipimo vya kusoma na hesabu viombeni shule ya umma, kwa barua. Ni bure. Wakipima WISC-V (kipimo cha uwezo wa akili wa watoto) huko, ripoti impate mwanasaikolojia asiirudie: mtoto akiifanya tena mapema, alama hupanda kwa mazoea tu.

Na kama nyumbani mnaongea Kiswahili, mwambieni mwanasaikolojia kabla hajaandika ombi tena. Mkalimani huongeza muda, na muda huo usipoombwa mapema huliwa kwenye saa za vipimo.