Duka la babu Misungwi: anza na daftari la madeni

Mdogo wangu, nimekuelewa: marehemu babu alifungua duka la pembejeo Misungwi, baba akakopesha kijiji kizima kwa mdomo, sasa amekuachia funguo na rafu tupu. Kwetu Magu tulipitia hayohayo.

Usianze kwa kudai. Kaa na mzee jioni, akutajie wadaiwa mmojammoja, wewe andika: jina, alichukua nini, msimu upi. Kisha watembeleeni pamoja, maana wanamheshimu yeye. Mkulima wa pamba hana fedha Januari; anazipata soko likifunguliwa, kuanzia Mei. Panga malipo hapo, asaini. Sisi wengine walitulipa kwa mpunga na dengu, tukapokea. Mkopo mpya uwe na kikomo, hata kwa shangazi. Hapo ndipo pagumu, nakwambia kweli.

Mbegu nunua zenye lebo ya TOSCI tu, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukiuza feki mara moja, jina la babu limekwenda.

Na kama kiwanja bado kina jina la babu, usikope benki wala kujenga kabla mirathi haijafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Baba zako wadogo na mashangazi wana haki zao. Muone wakili mapema.