Utomvu mweupe kabla ya panga

Ukitaka kukata mti wa uani unaotoa maziwa na hujui ni mti gani: utomvu huo mweupe peke yake hautoshi kukujulisha, maana hata mfenesi na mpapai vinao. Tazama matawi. Yakiwa ya kijani, mviringo, manene kama penseli, karibu hayana majani, huo ni mnyaa, na utomvu wake unaunguza macho vibaya, hata kupofusha kwa muda. Tafadhali usiufyeke kwa panga, linarusha matone usoni. Tumia msumeno, miwani ya kukinga inayoziba pembeni, glavu na mikono mirefu, upepo ukiwa mgongoni. Likiingia tone jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali hata kama maumivu ni kidogo, kwani huzidi baada ya saa kadhaa. Matawi mabichi usiyachome, moshi wake unawasha.