Kabla ya programu ya njia za baiskeli, panda baiskeli

Ukitaka kutengeneza programu ya simu ya kuwaonyesha watu njia salama za baiskeli mjini, usianze na kompyuta. Mimi nilianza nayo hapa Malindi, ikanila miezi mitatu. Nilichukua ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuuhariri bure, nikaiunganisha na injini ya kutafutia njia, nikaiamuru ikwepe Barabara ya Lamu kwa sababu ya msongamano wa tuktuk na matatu. Kwenye skrini ilipendeza. Jioni ya kwanza ya majaribio ikampitisha kijana anayesambaza mikate kwenye kichochoro cha Barani, mchanga mwingi, taa hata moja hakuna. Alianguka, mikate ikatapakaa, akashonwa goti. Kosa lilikuwa langu, maana sikuwahi kupita pale usiku.

Nikamfuata ami mmoja anayeleta samaki mjini kutoka Mayungu, kikapu kimefungwa kwa mpira kwenye keria. Wiki mbili nilikuwa nyuma yake kila alfajiri. Macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa lami, kitu ambacho ramani yangu haikukijua kabisa. Pale lami inapokatika pana ngazi, pengine ya kina cha kiganja, kati yake na udongo. Lori likikupigia honi ukashuka ghafla, shida huja unapotaka kupanda tena: tairi la mbele linaparuza ule ukingo, linakataa kupanda, nawe unaangukia upande wa magari. Ami alikuwa akisikia lori mbali anapunguza mwendo, anashuka mahali palipo sawa, na harudi lamini mpaka apate tena mahali sawa. Upepo wa kusi ukivuma alishuka mapema zaidi, kwa kuwa lori huukinga upepo kisha huuachilia, na baiskeli yenye mzigo huyumba.

Siku moja aliniambia, "Mwanangu, njia ya saa kumi na moja si njia ya saa moja. Watoto wa shule wakitoka, mimi huzungukia nyuma."

Basi nikaanza upya. Injini hizi hutafuta njia yenye gharama ndogo, na gharama hiyo unaipanga wewe. BRouter, ambayo ni huria, inakuruhusu kuipanga katika faili ya kawaida ya maandishi. Tuseme barabara kuu ni kilomita 2, nawe umeipa uzito wa 3, yaani kila kilomita inahesabiwa mara tatu: gharama ni 6. Vichochoro ni kilomita 3.5 kwa uzito wa 1.2: gharama ni 4.2, kwa hiyo programu itachagua vichochoro. Giza likiingia, vichochoro visivyo na taa vipe 2.5, gharama inafika 8.75, na barabara kuu inashinda. Nami nina profaili tatu, yaani mipangilio mitatu ya uzito: alfajiri, mchana na usiku. Namba hizo usizitunge ukiwa umeketi. Waulize wanaopanda, na uwaulize wanawake peke yao, maana walinitajia sehemu ambazo hakuna mwanamume aliyezitaja.

Usimfanye mtu atazame simu akiendesha. Tumia sauti, na useme kama watu wanavyoelekezana: "pita msikiti, kunja kushoto kwenye mwembe". Mita 200 hakuna anayezipima akiwa kwenye pedali. Ramani ipakuliwe mara moja ifanye kazi bila bando.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni safari za watumiaji. Mstari wa safari unaonyesha mtu analala wapi na anatoka saa ngapi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata isingekuwapo, kata mwanzo na mwisho wa kila safari kabla haijatoka kwenye simu ya mwenyewe.

Ripoti za mashimo ziwe na muda wa kuisha. Masika huchimba shimo kwa usiku mmoja, na kifusi hulifukia kwa siku moja. Zangu hufutika baada ya siku 30 asipopatikana wa kuzithibitisha.

Ami mwenyewe hana simu ya kisasa. Ijumaa baada ya swala hunitajia mashimo mapya, moja moja, kuanzia Mayungu, nami nayaingiza.