Naimba kwaya, lakini nikiomba ni kama naongea na dari

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni Mlutheri, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu huku Moshi. Mama alifariki mwezi wa pili kwa kansa ya mlango wa kizazi. Tulimwombea, tukafunga, akaenda hivyo hivyo. Tangu hapo nikipiga magoti ni kama naongea na dari. Dada yangu mkubwa anasema tulikosa imani. Jirani anataka kunipeleka kwa nabii atakayeniletea ujumbe wa mama. Jumapili tukikiri imani, nikifika "uzima wa milele" mdomo unakuwa mzito, najiona mnafiki. Niache kwaya? Na mwanangu wa miaka 6 akiuliza bibi yuko wapi, nimjibu nini?*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Kwaya usiache. Fungua Marko 2, habari ya yule aliyepooza akabebwa na watu wanne. Mlangoni hapapitiki, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha na godoro lake. Sasa soma mstari wa 5 polepole: Yesu "alipoiona imani yao". Yao! Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi aliamini nini, yeye kalala tu. Miezi hii wa kwenye godoro ni wewe, na wanakwaya wenzako ndio wale wanne. Mwambie mwalimu wa kwaya ukweli kwa maneno machache: nipo, ila sina nguvu, usinipe kuanzisha wimbo mpaka nitakapokuambia. Simama mstari wa nyuma. Pakifika mahali koo limekaba, nyamaza, wenzako wa sauti ya pili wataendelea. Kwenye kukiri imani vivyo hivyo. Mnafiki hujifanya anacho asicho nacho ili watu wamsifu. Wewe unalia kwa kuwa huoni ulichokuwa nacho.

Hata Tomaso aliwaambia wenzake kinagaubaga kwamba bila kuona alama za misumari hasadiki. Yohana 20:26 inasema baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Wiki nzima haamini, na hakuna aliyemtoa nje.

Kuhusu huo ukimya, wengi hujikwaa hapa kwa sababu wamezoea kupima imani kwa kusisimka. Mwili ukisisimka Mungu yupo, ukipoa ameondoka. Msiba hupooza kila kitu, hata chakula hakina ladha, kwa nini sala ibaki na ladha yake? Waebrania 11:1 inaiita imani "bayana ya mambo yasiyoonekana", na bayana ni ushahidi. Paulo anapoandika 1 Wakorintho 15 hawaulizi watu wanajisikiaje. Anataja waliomwona Kristo baada ya kufufuka, Kefa yaani Petro, wale Thenashara yaani mitume kumi na wawili, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, na anasema wengi wao bado wako hai. Kisha anakiri kwamba kama Kristo hakufufuka, imani ni bure. Tumaini la Mkristo limeegemea hapo. Usiku usiposikia chochote chumbani kwako, ushuhuda ule haujabadilika.

Sala ndefu ziweke kando kwanza. Chukua dakika tano asubuhi, mtoto hajaamka, na Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Isome kwa sauti. Katika miwili ya kwanza kuna "hata lini" mara nne. Kila ukiifikia, simama useme la kwako, hata kama ni la hasira. Wa 3 na wa 4 ni maombi. Wa 5 na wa 6 ni tumaini na kuimba, na moyo ukigoma hapo, ishia wa 4 ufunge Biblia. Kesho rudia. Siku ambayo hata hiyo ni nzito, soma ya 88, inayoanza kwa "Mungu wa wokovu wangu" na kuishia gizani, bila shangwe yoyote, na bado imo kwenye Biblia. Kosa la kawaida ni kukimbilia Zaburi za sifa ili moyo uchangamke kwa nguvu. Aliyefiwa zinamchoma.

Kufunga nako pumzika. Eliya alipotamani kufa chini ya mti wa mretemu, malaika alimletea mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena. Safari ilifuata baadaye.

Dada yako mwonyeshe 2 Timotheo 4:20. Paulo, ambaye Mungu aliponya wengi kwa mikono yake, anaandika kwamba alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, huko Mileto akiwa mgonjwa. Nani alikosa imani hapo? Ila sema naye kwa upole, maana na yeye kafiwa na mama, na kutafuta wa kulaumu ni njia mojawapo ya kulia.

Kwa nabii usiende. Mambo yako atayajua kwa huyo huyo jirani, au kwa wasaidizi watakaokuhoji kabla hujaonana naye. Halafu utapewa ujumbe unaomfaa mama yeyote: usilie, nimewasamehe, pendaneni. Baada ya hapo ni sadaka, mafuta, na siku ya kurudi. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kuwauliza wafu. Isitoshe, ulichoahidiwa ni ufufuo, mama mzima na mwili wake. Ujumbe wa kunong'onezwa na mtu baki ni kitu kidogo mno kando ya hicho.

Mtoto usimwambie bibi amelala, wala amesafiri. Ataogopa kulala, au atakaa mlangoni akimsubiri. Mwambie: bibi amekufa, mwili wake hausikii tena maumivu wala baridi, tumemkabidhi kwa Mungu, na Yesu ameahidi kumfufua. Akiuliza mbona Mungu haonekani, mjibu kwamba hata wewe humwoni Mungu, lakini unaongea naye. Akikukuta unalia usijifiche. Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, na alijua anakwenda kumwamsha.

Ukipitisha wiki mbili hulali, huli, au ukajikuta unatamani kumfuata mama, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie mchungaji akusindikize. Na hata usipofikia hali hiyo, mama ameondoka kwa kansa ya mlango wa kizazi na wewe una miaka 34: nenda kliniki ukapimwe mapema, hata kama huna dalili. Dada yako mpitie njiani muende wote.